Nyama Iliyokuja na Viungo Vyake

Bantog, Pangasinan
Tarehe 3 Septemba 1994

Minda,

Miaka miwili na miezi mitatu tangu uhame. Nimemwambia Pasing aandike hilo kwanza, maana salamu ni za watu wanaotembeleana. Basi la kutoka Manila ni mwendo wa saa tano tu, linasimama mbele ya kanisa letu kila siku, nami nalitazama likimwaga wajukuu wa watu wengine. Wanashuka na maboksi yao ya biskuti, wanashika mikono ya bibi zao na kuiweka kwenye paji la uso. Mkono wangu hauna kazi. Najikunia mgongo nao.

Sasa salamu. Hujambo? Kikohozi je? Bado mnalala sita chumba kimoja na yule mwanamke anayekoroma? Mimi mzima. Goti la kushoto limevimba, la kulia limeona wivu nalo linaanza. Pasing anakusalimu, na anataka nimwache aandike kwa adabu. Nimemwambia aandike ninavyosema, adabu atatia kwenye barua zake mwenyewe.

Nakuandikia kwa ajili ya babu yako. Tarehe kumi na mbili Novemba anatimiza mwaka kaburini. Tutavua nguo nyeusi, tutasali, tutalisha watu. Mimi hii nguo nyeusi nimeichoka, nikiivua itasimama yenyewe kwa jasho.

Siku ya mazishi ulikuja, nakiri. Ulilia, ukatupa udongo wako, ukaondoka bila kutia hata punje ya wali kinywani, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Watu waliniuliza. Niliwaambia una tumbo. Mimi niliyekuchukua ukiwa na siku tatu, mama yako hata maua ya kaburini hayajanyauka, niliyekutafunia wali nikakutia mdomoni kwa kidole, mjukuu wangu anatoka nyumbani kwangu na njaa. Unajua nililala vipi?

Nitapika alichokipenda Fermin wangu: nyama ya kusaga juu ya wali, yai la kukaanga juu ya nyama, ndizi ya kukaanga pembeni. Nitapika mwenyewe, simwachii mtu. Juzi nimekula hiyo hiyo kwa Pasing (andika, Pasing, usinitazame hivyo). Viazi amekata vikubwa kama vipande vya sabuni. Amemimina sukari na mchuzi wa chupa mpaka nyama imekuwa kama peremende iliyotemwa na mtoto. Zabibu zimevimba kama kupe. Nilimeza kwa sababu ananiandikia barua. Kiazi kikatwe kisizidi gego. Nyama ikaangwe mpaka maji yake yaishe, ianze kulia kwenye mafuta yake yenyewe, ndipo nyanya iingie. Yai kiini chake kiwe kibichi, ukikigusa kikimbilie kwenye wali. Hayo unayajua, ulisimama kwenye kigoda changu ukayaona.

Nyama ataleta baba yako. Tangu ashike meza ya nyama ya babu yako sokoni amenipunguzia kazi. Siku hizi analeta imeshasagwa, imeshatiwa kitunguu saumu, siki na mchuzi wa soya, mimi nawasha moto tu. Wanawake wa hapa wanakereka. Wananiuliza mwana wa nani mwingine anammenyea mama yake kitunguu saumu. Nawaambia wangu, Santo wangu.

Basi njoo. Ukae mezani kwangu ule mpaka ulegeze mshipi. Sitaki vitambaa, sitaki sabuni za Manila. Nataka nikuone unakula.

Bibi yako,
Isidra


Pasay, Manila
Tarehe 19 Septemba 1994

Bibi yangu,

Nauchukua mkono wako kutoka huku niliko na kuuweka kwenye paji langu, ili usikose kazi. Mama Pasing, shikamoo, najua ni wewe unayemsomea.

Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Yule wa kukoroma ameolewa, sasa anamkoromea mumewe. Kiwandani tunashona nguo za watoto za Krismasi, na msimamizi anatuhesabia hata safari za chooni. Magoti yako yasugue kwa mafuta ya nazi na tangawizi, usiseme umesugua kama hujasugua.

Tarehe kumi na mbili nimeshaomba ruhusa, na nimepewa. Nitafika asubuhi, nitakwenda kaburini kwa Babu, nitasali nanyi mpaka mwisho. Ila mezani sitakaa. Nakuomba, Bibi, usinilazimishe mbele ya watu, na usinitafutie ugonjwa. Sina tumbo. Sili nyama inayotoka kwenye meza ya Baba. Nilishasema mara moja, na unakumbuka kilichonipata. Sitarudia hapa.

Nimekununulia mshumaa mrefu, wa kuwaka siku nzima. Nimeukumbuka sana wali wako wa chini ya chungu, ule ulioungua kidogo.

Mjukuu wako,
Minda


Bantog
Tarehe 2 Oktoba 1994

Minda,

Barua imefika, mafuta ya nazi nimesugua, magoti yameng'aa na bado yanauma. Natumaini wewe hujambo, maana ninayotaka kusema yanamfaa mtu mzima wa afya.

Unasema nakumbuka. Nakumbuka sana. Siku yako ya kuzaliwa, umetimiza ishirini na mmoja, nimekupikia hiyo hiyo nyama ya kusaga, nyumba imejaa. Pasing alikuwepo, hata sasa anatikisa kichwa akiandika. Ukasukuma sahani, ukasimama, ukasema mbele ya ndugu na majirani kwamba baba yako anasaga vibudu. Nguruwe waliojifia. Ukamtazama usoni ukasema. Santo aliinamisha kichwa, na mimi nikamwona mwanangu anavyodhalilishwa na mtoto aliyemlea bila mke.

Nilikuambia ukae. Nikasimama nyuma ya kiti chako mpaka ukamaliza sahani, kijiko kwa kijiko, kisha ukamshika baba yako mkono ukamwomba radhi. Kesho ningefanya vilevile.

Wewe unadhani ni nyama inayonichefua? Mimi nimeishi na muuza nyama miaka arobaini na saba, nimefua aproni zenye matumbo. Kinachonichefua ni mtoto mwenye shibe anayeitemea sahani iliyomkuza. Umekwenda Manila, umekula mikate laini ya mifuko, pua imekuwa ya bibi harusi. Kila ukisema hiyo "meza ya Baba" nasikia kitu kinapanda kooni. Hiyo ni meza ya Fermin. Jina lake bado limeandikwa pale.

Mimi sitaki watu wakuone umekaa uani na sala zako na tumbo tupu, wakanong'ona tena. Siku hiyo atakayekuja kwa babu yako atakula kwa babu yako. Kama huli, usije.

Nimemwambia Pasing asome tena. Amesoma. Nimemwambia asifute kitu.

Bibi yako,
Isidra

Kama umepungua mwili niambie, nitakutumia samaki mkavu.


Pasay
Tarehe 14 Oktoba 1994

Bibi,

Hii nimeiandika kwa herufi kubwa, moja moja, zile nilizokufundisha kwa mkaa nikiwa darasa la pili. Isome mwenyewe. Usimpe mtu.

Mkono wako kwenye paji langu. Mimi mzima. Samaki usitume.

Sitakuja.

Siku ile nilikwenda sokoni saa nane mchana kumpelekea Baba chakula. Meza ilikuwa imefungwa, nikazunguka nyuma. Kulikuwa na gari dogo. Wanaume wawili walikuwa wanashusha nguruwe. Walikuwa wamekauka, Bibi, miguu imenyooka kama ya meza. Masikio na matumbo yana madoa ya zambarau. Hakuna aliyewachinja, damu yote ilikuwa ndani. Baba alikuwa na ndoo ya siki. Aliniona. Akaniambia niweke chakula pale niende nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni sahani ilikuwa mbele yangu.

Nilikula kwa sababu ulikuwa umesimama nyuma yangu. Nikamwomba radhi kwa sababu uliniambia. Kwenye basi nilitapika mpaka kondakta akaniteremsha.

Sikuombi uniamini. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie akuletee nyama bila viungo. Inuse kabla ya kitunguu saumu.

Mjukuu wako,
Minda


Bantog
Tarehe 21 Novemba 1994

Minda,

Naandika mwenyewe. Ni siku ya nne, mistari michache kila siku, mkono unauma kuliko wa kufua mablanketi. Pasing hanisemeshi. Utajua kwa nini.

U mzima? Mimi nimetapika sana, lakini nasimama.

Barua yako niliisoma kwa kidole, neno kwa neno, nikaificha ndani ya debe la mchele. Nikasema huyu mtoto ni mwongo nami nitamwonyesha. Siku mbili kabla ya kumbukumbu nikamwambia baba yako aniletee nyama tupu, bila kitu. Akacheka. Akasema na magoti hayo, Mama, acha nikusaidie. Nikamwambia magoti hayamenyi kitunguu. Akasema sawa. Jumamosi asubuhi akaja na mabeseni mawili, nyama yote imetiwa viungo kama kawaida. Akasema amesahau, mkono umezoea. Akayaweka jikoni akaenda kupanga viti.

Watu hamsini walikuwa wanakuja. Nikawasha moto. Nikakaanga sufuria ya kwanza, nikapakua sahani ya babu yako kabla ya mtu mwingine, maana siku ile marehemu ndiye anayetangulia kula. Wali, nyama, yai, ndizi. Nikaiweka mbele ya picha yake na mshumaa wako, ule ulioutuma kwa posta. Nikarudi jikoni, na wewe ukawa unanikuna kichwani kama chawa. Nikachota konzi mbili za ile mbichi, nikaitia kwenye chujio la nazi, nikaiosha.

Maji ya kwanza yakatoka na soya. Ya pili yakatoka na siki. Ya tatu nikaiona nyama yenyewe. Ilikuwa na rangi ya ukucha uliobanwa na mlango. Iliteleza vidoleni kama sabuni iliyosahauliwa majini. Damu ilikuwa imegandia humo humo, nyeusi, vipande vipande kama mbegu za papai. Nikaileta puani. Umewahi kumwaga maji ya maua ya kaburini yaliyokaa wiki mbili? Hiyo harufu, na chini yake kitu kitamu.

Nikatapika kwenye ndoo ya maganda.

Nikaenda kuiondoa sahani ya babu yako. Nimeishika mkononi, ananitazama kutoka kwenye picha, ndipo nikakumbuka jambo ambalo litanizika. Miaka yake miwili ya mwisho, kiharusi kilipomnyima ulimi, kila nikimpelekea kijiko cha nyama aligeuza uso ukutani. Uji alikunywa. Samaki alikula. Nyama aligeuza uso. Nikamwita mkaidi. Nilimbana mashavu, Minda, kama unavyombana mtoto kumpa dawa, nikamtia. Mtu aliyechinja nguruwe maisha yake yote. Mtu ambaye mwaka ule nguruwe walipokufa kwa tauni alizika saba kwa chokaa, tukala wali na chumvi mpaka Pasaka, na hakuuza hata sikio. Alikuwa ananiambia kwa uso. Wewe uliniambia kwa mdomo. Wote wawili niliwalisha kwa nguvu.

Nikamwita baba yako jikoni, nikafunga mlango. Nikamwekea chujio chini ya pua. Hakunusa. Mtu asiyejua angenusa.

"Mama," akasema, "watu wamekula miaka mitatu. Nani amekufa?"

"Baba yako amekufa akigeuza uso," nikamwambia.

Akaanza kunieleza. Nguruwe wazima wamepanda bei, kila mtu pale sokoni anafanya, siki inaua kila kitu, moto unamalizia. Tuwalishe watu leo tusitie aibu, Jumatatu ataacha, ataniapia kwa kaburi. Nilikuwa namtazama midomo. Nilikuwa nafikiri, hii midomo niliinyonyesha. Halafu akasema polepole, wala si kwa ubaya, "Na wewe umekula, Mama. Ukaniomba niongeze."

Ni kweli. Nilimwomba aongeze. Nilijisifu kwa kitunguu chake.

Nikatoka uani na beseni. Watu wamekaa, vijiko mkononi. Nikawaambia, "Leo hapa hakuna nyama. Hii ni kibudu. Santo amewauzia vibudu miaka mitatu, na mimi nimewapikia. Msimuulize mtu mwingine, niulizeni mimi, mimi ndiye niliyemzaa."

Kisha Pasing, kiganja mdomoni, akaniuliza kama hata ile ya harusi ya binti yake. Nikamwambia hata ile. Akasimama akaenda. Wengine wakaanza kutema mate, nyuma ya ua nikasikia mtu anajitapisha kwa kidole. Mzee Baldo akauliza kama mayai nayo ni ya Santo. Nikamwambia ya kuku wangu. Akasema basi yeye anakaa. Walibaki kumi na mmoja, wakala wali, yai na ndizi, hakuna aliyeniangalia. Mabeseni nimeyazika nyuma ya banda, nimemwagia chokaa na mafuta ya taa ili mbwa wasifukue. Sufuria nimeisugua kwa jivu mara saba na bado naisikia. Nimeitupa.

Jumatatu nikaenda mwenyewe kwa mkaguzi wa nyama, nikakaa kwenye kiti chake mpaka akaandika. Meza imepigwa misumari. Jina la Fermin nimelibandua kwa kisu, lisikae pale. Baba yako amekwenda Dagupan kubeba magunia ya mchele. Hakuniaga.

Tangu siku hiyo sili kitu kilichosagwa, hata pilipili. Najiosha mdomo kwa chumvi. Si nyama inayonichefua sasa. Ni huu mkono uliosimama nyuma ya kiti chako. Nilikulisha kibudu, kisha nikakuombesha radhi. Mimi ndiye wa kuomba. Naomba, Minda. Sijui kuiandika vizuri zaidi.

Sikuambii uje.

Bibi,
Isidra


Pasay
Tarehe 4 Desemba 1994

Bibi yangu,

Mkono wako kwenye paji langu, na nimeukalisha hapo muda mrefu.

Sikukujibu wiki nzima. Niliisoma kiwandani, kwenye ngazi, nikashindwa kurudi kwenye cherehani mpaka msimamizi akaja kunitafuta. Nilimwambia nimepata barua ya nyumbani. Akaniuliza nani amekufa.

Sikuwa nalia kwa ajili ya nyama. Miaka hii miwili nilichokuwa nakichukia zaidi ni kinywa changu. Kwamba kilitafuna, halafu kikaomba radhi. Wenzangu wakikaanga nyama hapa chumbani nakwenda kukaa barabarani. Nilikuwa nasema moyoni, Bibi alijua akanilisha. Sasa najua hukujua. Sijui kwa nini hilo limeniliza kuliko lile.

Nitakuja tarehe 23, niko huru siku nne. Lakini siwezi kukuahidi kula. Nataka ulijue hilo mapema, usije ukapika ukajiumiza. Inawezekana nikakaa tu, nikatazama sahani, nikashindwa. Utanivumilia?

Na Baba atakuwepo? Niambie ukweli.

Mjukuu wako,
Minda


Bantog
Tarehe 11 Desemba 1994

Minda,

Pasing amerudi. Amekaa upande wa pili wa meza, kalamu ameishika kama fimbo, na amesema ataandika lakini chakula changu hali mpaka Pasaka. Nimekubali. Nimemwambia hata viazi vyake vya sabuni sasa navitamani, akakaribia kucheka, akajizuia.

U mzima? Hujala vizuri, najua, herufi zako zimekonda. Mimi mzima. Goti la kulia limeshinda, sasa ndilo lililovimba zaidi.

Umeniuliza ukweli, huu hapa. Baba yako alikuja Jumapili. Alisimama nje ya geti mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Nilitoka na sahani ya wali na yai, akala amekaa kwenye ngazi ya nje. Alipomaliza aliosha sahani pale bombani akaiacha juu ya jiwe. Amenikondea. Nimemzaa, sitamkana, nitamlisha mpaka mmoja wetu afe. Ila jikoni kwangu hakanyagi, na siku nne zako hatakuwepo. Nimemtumia neno Dagupan, amekubali. Siku ukitaka kumwona utasema wewe. Usiposema, sitauliza.

Watu hapa bado wananiangalia. Wanaponiona sokoni wanafunika vikapu vyao, kama nitawatia kitu. Wana haki. Kuna mwanamke anaitwa Ising, anachinja nguruwe mmoja mmoja alfajiri pale chini ya daraja, mbele ya wateja. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilitazama tu nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mara ya tatu nilinunua kipande kizima cha bega, chenye mfupa. Nimekikatakata mwenyewe kwa kisu, kidogo kidogo, nusu siku nzima, sikutaka mashine ya mtu. Nikakaanga. Nikakitazama. Nikampa paka. Paka alikula akalala, akaamka mzima. Kwa hiyo paka amenitangulia.

Umesema huwezi kuahidi. Vizuri. Mimi nimeshakula ahadi za kutosha. Ukishindwa kula, utakaa na sahani yako nami nitakaa na yangu, zitapoa zote mbili, nitawapa kuku. Hakuna atakayesimama nyuma ya kiti chako. Hata maji sitakuletea usipoomba.

Basi sikiliza, na Pasing aandike hili kwa herufi kubwa. Tarehe ishirini na tatu nitakuwa nimekata nyama na kuiweka kwenye sufuria mpya, tupu, hata chumvi haina, na moto sijawasha. Ukishuka kwenye basi usije barazani kunisalimu, usinishike mkono, usiniulize magoti. Pita mlango wa nyuma, ingia jikoni peke yako, funua, nusa. Ikikuchukiza, imwage shimoni, nami nitasikia mfuniko na sitasema kitu. Ikikufaa, washa moto, kisha niite.

Bibi yako,
Isidra